Mwenyekiti Aseme Mwisho

Nimefanya kazi chini ya wenyeviti watatu katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, huku juu uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Nilianza kama karani wa msimu, baadaye nikawa karani mkuu, sasa ni meneja. Meneja wa AMCOS, yaani chama cha msingi kama chetu, hana kura kwenye bodi. Anaandaa ajenda, anakaa pembeni na daftari la mihtasari, anajibu akiulizwa, kisha anakwenda kutekeleza kilichoamuliwa, kiwe kimempendeza au hakikumpendeza. Ni mahali pazuri pa kutazama watu wakiamua mambo.

Katika miaka yote hiyo sijaona bodi yetu ikiharibu jambo kwa sababu wajumbe hawana akili. Wakulima wa huku wanajua hesabu za maisha yao vizuri sana. Kila tulipoharibu, mule chumbani alikuwemo mtu aliyejua, naye hakusema, au alisema kwa sauti ya chini akiwa ameshafika mlangoni. Ndiyo maana siku hizi nikisikia kiongozi fulani ni hodari, huwa nauliza kwanza kama walio chini yake wanathubutu kumpelekea habari mbaya.

Kwa asiyejua kazi zetu: msimu wa kuuza huanza Oktoba. Mkulima analeta korosho chamani, zinapimwa, anapewa stakabadhi. Chama kinakusanya, kinapakia, kinapeleka ghala kuu, na huko zinapimwa tena. Chama kikuu, ambacho kwetu ni TANECU ya wilaya za Tandahimba na Newala, kinaziingiza mnadani. Mnunuzi akilipa, fedha hupita benki, makato yanatolewa, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza mkoani kwetu mwaka 2007, na umebadilika mara nyingi tangu hapo. Kisichobadilika ni kwamba mkulima anatufahamu sisi tu. Mnunuzi hamjui, benki anaiona kama jengo. Bei ikipanda, shukrani zinakwenda kwa Mungu na kwa serikali. Malipo yakichelewa, anayegongewa mlango usiku ni mwenyekiti wa chama cha msingi.

Wengi wetu tulilielewa hilo Aprili 2013, habari za Liwale, mkoani Lindi, zilipotufikia. Wakati ule wakulima walikuwa wakilipwa kwa awamu: malipo ya kwanza, ya pili, na yale ya mwisho tuliyoyaita majaliwa. Kule Liwale malipo ya pili yalikuja pungufu kuliko walivyotarajia, na hasira zikaishia kwenye kuchoma nyumba za viongozi, wakiwemo wa vyama vya msingi. Ofisini kwetu hapakuwa na mtu aliyeuona moto huo kama habari ya mbali. Tuliulizana ni nani kati yetu angesimama mbele ya wakulima mapema kuwaambia kwamba soko limeshuka na fedha hazitafika walipozitegemea. Kimya kilichofuata kilinionyesha tulivyo.

Mwenyekiti wangu wa kwanza alikuwa mtu wa sauti. Akiingia kikaoni, kikao kimeanza, na akishatoa maoni yake kwenye ajenda ya kwanza, ajenda hiyo imekwisha. Wajumbe walimpenda kwa dhati, nami nilimpenda. Alijua kumkabili ofisa yeyote kutoka wilayani bila kutetemeka, na zipo haki za wakulima tulizozipata kwa sababu ya ubishi wake. Lakini mezani alikuwa anasema wa kwanza.

Siku moja alileta hoja ya kununua lori, Fuso. Alisema tunawatajirisha wasafirishaji, chama kikiwa na gari lake ushuru wote, yaani makato ya chama, utabaki nyumbani. Wazee wakapiga makofi. Hoja ikaenda mkutano mkuu, ukomo wa madeni ukapandishwa, mkopo ukaombwa na ukapatikana. Mhasibu wetu wa wakati ule, binti aliyekuwa ametoka chuoni muda si mrefu, alikuwa na karatasi kwenye pochi yake. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba kazi ya kusomba korosho ni ya miezi minne, mitano ikizidi sana. Miezi mingine gari lingekaa chini ya mwembe huku dereva anadai mshahara, bima inadaiwa, na mchanga wa barabara zetu unakula matairi na klachi. Karatasi ile aliniambia habari zake tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Mbona hukuitoa?"

"Kaka, ningeitoa saa ngapi? Mwenyekiti ameshasema, wazee wameshapiga makofi. Ningeonekana sina adabu."

Gari lilikuja na likapigwa picha. Baada ya misimu michache liliuzwa kwa hasara, na deni lililobaki likalipwa kwa ushuru ambao ungejenga ghala. Hakuna aliyeiba hata shilingi, na huko ndiko kunakoniuma, kwa sababu mkaguzi anayetafuta wizi hatakuta kitu. Kila hatua ilifuata taratibu, mihtasari ilisainiwa, akidi ilitimia. Nikiusoma muhtasari ule leo, naona sentensi moja tu chini ya hoja: "Wajumbe wote waliunga mkono."

Uchaguzi uliofuata wakulima walitaka mtu mpole, wakampata. Mwalimu mstaafu, msikivu, hakuwahi kumkatiza mtu. Kila jambo alilipeleka kwenye kamati ndogo, kamati ndogo ikarudisha maoni, maoni yakajadiliwa, na mwisho akasema tulitafakari zaidi. Nilidhani tumepata dawa ya mwenyekiti wa kwanza. Kwa muda ilikuwa raha hasa, watu walijisikia wamesikilizwa.

Kisha ukaja msimu wa magunia. Kila mwaka magunia ya juti huleta maneno, kwa kuwa yanatoka nje ya nchi na mara nyingi hayafiki kwa wakati. Safari ile yalikuja pungufu, na bodi ilitakiwa kuchagua: tugawe kwa anayefika kwanza, tugawe kwa orodha ya vitongoji, au tukaazime kwa chama jirani na kurudisha baadaye. Njia yoyote kati ya hizo ingefaa. Tulikaa vikao juu ya vikao. Korosho zikalundikana barazani na kwenye vyumba vya watu, mvua ikawahi, na wenye shida ya fedha wakawauzia kangomba, wale wanunuzi wa magendo, usiku kwa bei ya kutupa. Mwalimu alihuzunika kwelikweli. Alisema asingependa kumuumiza mtu yeyote. Kitongoji ambacho kingekosa magunia kwanza kingelalamika kwake, nacho ndicho alichokuwa anakiogopa muda wote ule. Walioumia ni wale wasiokuwa na sauti ya kulalamika.

Hapa niingize neno kuhusu semina. Tumepelekwa semina nyingi za uongozi, zenye chai, maandazi na posho ya nauli. Tunafundishwa aina za uongozi, tunachora miduara kwenye karatasi kubwa za ukutani, tunapiga picha ya pamoja. Sizikatai. Semina ya sheria ya ushirika, ile Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ilinisaidia sana kujua mipaka ya bodi na ya meneja. Lakini sijakutana na mkufunzi aliyetuuliza nani huwa anaanza kusema kwenye vikao vyenu.

Mwenyekiti wa tatu ni mama. Shule yake haikufika mbali, ila ana mashamba ya mikorosho aliyoyatunza mwenyewe tangu mumewe alipofariki, na dawa ya salfa amepuliza kwa mikono yake. Kikao chake cha kwanza aliingia, akaketi, akaniambia, "Meneja, soma ajenda." Nikasoma. Badala ya kufungua mjadala yeye, akamgeukia karani wa mizani, kijana aliyeitwa kuleta takwimu tu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kama wanavyosimama makarani. "Mwanangu, keti. Tuambie kwanza wewe, mizani inasemaje." Baada yake akamwuliza mhasibu. Kisha wajumbe, kuanzia mdogo kwa umri kwenda kwa mzee. Yeye akasema mwisho, tena kwa maneno machache.

Mjumbe mmoja mzee alikereka, akasema huko ni kuvunja heshima, mkubwa anasubirije nyuma ya vijana? Mama akamjibu akicheka, "Mzee wangu, mkubwa ni jalala. Waache wamwage taka zote kwanza, sisi tutachambua." Watu wakacheka, na utaratibu ukabaki.

Uzito wa utaratibu huo niliuona kwenye suala la unyaufu. Kwenye vyama vya korosho hakuna neno linaloleta ugomvi kama hilo. Mkulima analipwa kwa uzito uliosomwa kwenye mizani ya chama. Mnunuzi analipa kwa uzito uliosomwa ghala kuu. Korosho zikipokelewa mbichi, zinakauka njiani na ghalani, kilo zinapungua, na upungufu ule unabaki shingoni mwa chama. Ukizidi, wakulima wanakatwa, na wakishakatwa wanaona wameibiwa. Mara nyingine huwa wameibiwa kweli. Mara nyingine ni maji tu.

Mwaka ule mvua zilianza mapema. Kikaoni kijana wa mizani akaulizwa wa kwanza kama kawaida. Akasimama, akasema magari yanarudi na karatasi za ghala kuu zenye kilo pungufu, na kila gari upungufu unaongezeka. Akaulizwa sababu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anapokea korosho zisizokauka kwa kuwa anapigiwa simu. Akamtaja anayempigia. Alikuwa mjumbe wa bodi, ameketi viti viwili kutoka kwake.

Ungedhani paa litaanguka. Mjumbe akasimama, akasema kijana huyu ametumwa, atafutwe mwingine. Mama hakumtetea kijana wala hakumshambulia mjumbe. Alimwomba kijana arudie zile kilo, gari kwa gari, nami nikaziandika ubaoni. Tulipomaliza kujumlisha, akamwuliza mjumbe kwa utulivu, "Upungufu huu, kaka, tukate kwa nani?" Mjumbe akatazama ubao, akakaa. Sidhani kama aliaibika. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuona simu zake zimegeuka kuwa kilo.

Pendekezo likawa kwamba kuanzia kesho yake korosho zote zipitie mashine ya unyevu, isiyokauka isipokelewe, na hakuna simu ya mtu yeyote itakayosikilizwa mizanini. Kabla hatujafika kwenye kura, Mama akasema shemeji yake ameleta magunia asubuhi ile na bado yako nje, hayakukauka, kwa hiyo yeye anatoka, makamu aendeshe. Akatoka. Nimeona viongozi wengi wakitangaza kwamba hawana upendeleo. Kuinuka na kuwaacha wenzako waamue habari za magunia ya shemeji yako ni jambo jingine, hasa ukijua kwamba jioni utakutana na dada yako.

Wajumbe wote waliafiki isipokuwa yule mzee aliyelalamikia heshima. Alisema mkulima aliyesukuma baiskeli yenye magunia kwenye mchanga kutoka mbali, ukimrudisha nyumbani, harudi. Atamuuzia kangomba njiani, chama kikose korosho na yeye akose bei. Alizidiwa kura. Zamani ningeandika kwamba wajumbe wote waliafiki, na mzee mwenyewe asingeona vibaya, maana ndivyo tulivyozoea. Mama aliporudi aliniagiza niandike maneno ya mzee kama alivyoyasema, na mbele yake niweke tarehe ya kuyarudia, baada ya minada miwili.

Tarehe ilipofika tukayarudia. Upungufu wa ghala kuu ulikuwa umeshuka sana. Lakini korosho za vitongoji vya mbali zilikuwa zimeshuka pia, na kila mtu alijua zilikokwenda. Mzee hakuhitaji kusema "niliwaambia", muhtasari ulikuwa umeshamsemea. Siku hiyohiyo tukabadilisha: asiyekausha harudishwi, anapewa turubai na nafasi uani kwetu, anaanika mwenyewe, mlinzi yupo usiku, akipima na kufikia kiwango anapokelewa. Gharama yake ilikuwa turubai na posho ya mlinzi. Wazo lenyewe lilikuwa la mzee. Sijui kama angelitoa iwapo pingamizi lake la kwanza lingezikwa kwenye ile sentensi ya wote waliunga mkono.

Huo ulikuwa uamuzi wa watu tisa chumbani. Umati ni habari nyingine, na wanachama wetu huamua wakiwa umati pia, pale mnadani, kwa sababu bei haipiti mpaka wakulima waikubali. Oktoba 2018 nilikuwepo wakati wakulima wa kwetu walipoikataa. Msimu uliotangulia watu walishaonja bei zilizopita 3,500 kwa kilo, halafu wanunuzi wakaja na bei ambazo hata 3,000 hazikufika. Makelele yakapanda: hatuuzi! Siku zilizofuata zilijaa uvumi, hadi tarehe 12 Novemba Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakaja kuzisomba. Wapo waliolipwa mapema, wapo waliosubiri sana.

Sisemi kwamba kukataa kulikuwa kosa. Bei ile ilikuwa ya kudhalilisha. Ninachokumbuka ni mzee mmoja wa chama chetu aliyekuwa karibu nami akiuliza, "Tukikataa leo, wiki ijayo tunafanya nini?" Alikuwa ananiuliza mimi, kwa sauti ya chini, maana pale angeiuliza kwa sauti ya juu angeitwa wakala wa wanunuzi. Swali lilikuwa la haki, lakini uwanja ule haukuwa na mahali pa kuliweka.

Mama ameliwekea mahali. Siku chache kabla ya mnada tunakutana kijijini, jioni, watu wakiwa wametulia. Nasoma bei za minada ya wilaya nyingine kama zipo, nasoma makato yote moja moja, kisha yeye anauliza bei gani tutaikubali bila ubishi, bei gani tutaikataa, na tukikataa, nani ana ada ya shule au mgonjwa asiyeweza kusubiri. Hilo la mwisho huzungumzwa kwa faragha na wahusika. Wawakilishi wetu wanakwenda mnadani na mpaka waliopewa, kwa hiyo kelele za uwanjani haziwabebi. Tangu mwaka 2024 minada inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, bei zinatokea kwenye skrini, na ya kwanza kabisa ilivuka 4,000. Watu walishangilia. Kikao cha kijijini Mama hakukifuta, ijapokuwa nilimshauri kwamba bei ikiwa hivi hakina kazi. Alisema mwaka wa bei nzuri ndio wa kuangalia mizani, kwa sababu hakuna anayehesabu kilo akiwa anacheka. Msimu ule ule tuligundua mizani moja inasoma vibaya, na aliyeligundua ni mkulima, kwenye kikao nilichotaka kifutwe.

Sitaki msomaji amwone Mama kama malaika. Ana ukali, husahau kusifu, na vikao vyake huchelewa kwisha, kwani kuwauliza watu wote huchukua muda. Mambo madogo kama kununua wino wa printa ameniachia mimi baada ya kuona tunapoteza saa nzima. Magunia yakiwa pungufu haiti kikao: alishakubaliana na bodi mwezi wa nane kwamba tutagawa kwa orodha ya vitongoji, na orodha inazunguka kila mwaka ili kitongoji kimoja kisiwe cha mwisho daima. Hilo lilimalizwa jua likiwa kali na korosho zikiwa bado mtini, wakati hakuna aliyekuwa na hasira.

Sasa muda wake unaelekea ukingoni, na wajumbe vijana wameleta pendekezo kwamba utaratibu wa vikao vyake uingizwe kwenye masharti ya chama: karani na mhasibu waanze, mwenyekiti aseme mwisho, anayepinga aandikwe jina na sababu. Masharti yakibadilishwa lazima yapite mkutano mkuu na kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, kwa hiyo nimeanza kuandaa makaratasi. Mimi naunga mkono, kwa kuwa nimemwona mwenyekiti wa aina ya kwanza na najua atarudi kwa sura nyingine.

Mama mwenyewe anapinga. Anasema mwenyekiti asiyetaka kusikia atawaacha waseme wote kwa mpangilio mzuri, kisha afanye lake, na chama kitakuwa na karatasi ya kujifichia. Kwenye kikao cha mwisho alizidiwa kura, sita kwa tatu. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe ya kuyarudia ni Machi, korosho zikishakwisha ghalani.